Mbuzi Wangu na Mandazi ya Mama Ciru

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiteremka kuelekea stendi ya mtaa wetu wa Lucky Summer, nilimwona mwanamume nisiyemjua akitafuna andazi, na andazi lenyewe lilikuwa limefungwa kwa karatasi yenye mbuzi wangu.

Sisemi mbuzi anayefanana na wangu. Nasema wangu. Nilimjua kwa ile pembe ya kushoto ambayo sikuwahi kuipatia, na kwa mguu wa mbele alioukunja kama mtu anayeogopa kukanyaga tope. Nilikuwa nimemchora mimi mwenyewe kwa penseli, nimesimama dirishani hadi shingo ikakauka. Yule mwanamume akamaliza andazi lake, akajifuta mafuta mdomoni kwa uso wa mbuzi, akamkunjakunja, akamtupa mtaroni, akaenda zake kazini.

Ngoja nianze mahali panapofaa, maana naona umeshaanza kucheka na hujajua unachokicheka. Juzi ulipokuja kunisalimia mimi bibi yako nilikuomba unionyeshe ile katuni unayoichora kwenye kompyuta yako. Ukanionyesha kidogo tu, halafu ukaifunika kwa kiganja na kusema, "Bado, shosho. Haijakaa poa." Sikukujibu siku ile kwa sababu maziwa yalikuwa yanafurika jikoni. Jibu langu ndilo hili. Ni refu kidogo. Sisi wazee tungejua kujibu kwa ufupi, mngekuwa mnatutembelea mara nyingi zaidi.

Wakati huo nilikuwa msichana wa chuo, nasomea uchoraji mjini. Tuliishi kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Lucky Summer, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba yangu, Mzee Wafula, alikuwa ametoka Bungoma akiwa kijana kuja kufanya kazi kiwandani, kule mtaa wa Baba Dogo, na mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, mmoja wa wale akina mama ambao mkutano hauwezi kuanza kabla hawajafika. Baba alitaka nisomee upigaji chapa. Neno "sanaa" alilitamka kama jina la ugonjwa. Hakunikataza kwenda, hapana. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwa baba kulikuwa na uzito kuliko marufuku ya wazazi wengine.

Mwaka wa mwisho, mwalimu wetu, Mwalimu Odera, alituambia kila mmoja atengeneze filamu fupi ya michoro inayotembea. Kwa mkono. Kompyuta za kufanya kazi hiyo hatukuwa nazo, kwa hiyo nisikilize vizuri uelewe tulivyoteseka. Unachora mbuzi kwenye karatasi. Unachukua karatasi nyingine, unaiweka juu ya ile ya kwanza, unamchora mbuzi yule yule lakini mguu umesogea kidogo sana, kama umbali wa ukucha. Kisha nyingine, na nyingine, na nyingine. Baadaye kamera inapiga picha kila karatasi, moja moja, na filamu ikipitishwa kwa kasi mbuzi anatembea. Karatasi zinajaa katoni zima, na ukija kutazama, mbuzi ametoka hapa akafika pale mlangoni.

Nilimchagua mbuzi kwa sababu ya Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Nilipita sokoni kule mara nyingi nikawatazama mbuzi wakiteremshwa kwenye malori. Wengine waliteremka kwa woga, wengine kwa maringo, kama bibi harusi. Nikasema, nitamchora mmoja anayeteremka, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, hapendi anachokiona, anageuka na kuondoka zake. Anapanda juu ya mapaa ya mabati, anatembea paa hadi paa, na mwisho anasimama kwa miguu miwili na kucheza.

"Kwa nini anacheza?" Mwalimu Odera aliniuliza.

"Sijui, mwalimu."

"Vizuri," akasema. "Usijue. Kama ungejua ungeandika insha."

Basi nikaanza. Wenzangu chuoni walikuwa na meza za kioo zenye taa chini yake, ili mwanga upenye kwenye karatasi na waone mchoro wa chini. Mimi nilikuwa na dirisha. Nilibandika karatasi kwenye kioo, jua likapita nyuma yake, nikachora nimesimama. Shida ni kwamba dirisha letu lilitazamana na kibanda cha Mama Ciru.

Mama Ciru alikuwa mama mmoja kutoka Nyeri, mnene wa mikono, mpana wa sauti, aliyepika mandazi ambayo wafanyakazi wa Baba Dogo walipanga laini kuyanunua kabla ya zamu. Kila alipoinua macho kutoka kwenye karai alimwona msichana wa Wafula amesimama dirishani na penseli, anamtazama. Anachora, anatazama. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Wewe! Unaandika nini juu yangu? Umetumwa na kanjo?"

Kanjo ni askari wa jiji, waliokuwa wakivunja vibanda. Ungedhani ningetoka nje nikamwonyesha nilichokuwa nachora. Sikutoka. Nilijifanya sijasikia, nikaendelea. Nilitaka kazi yangu ionekane ikiwa imekamilika, watu wazibe midomo kwa mshangao. Kabla ya hapo sikutaka jicho la mtu. Hata mama yangu nilimficha. Siku moja alinichukulia karatasi mbili mkononi, akazitazama, akazigeuza.

"Nekesa, huyu mbuzi si ni yule yule?"

"Hapana, mama. Hapa ameinua kwato."

Akazitazama tena. Akanitazama mimi. Akanigusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayepima homa, akaenda kuweka chai.

Sasa, kuna siku akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kwa maombi. Mimi nilikuwa chuoni. Mama akafagia, akapiga sakafu deki, akatandika vitambaa kwenye viti, na pale kona akalikuta katoni limejaa mbuzi hadi juu. Mbuzi yule yule. Wakati huo huo Mama Ciru akapita kuomba magazeti ya zamani, kwa kuwa yake ya kufungia mandazi yalikuwa yamemwishia.

Naona umefunika uso. Ndiyo, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo turudi pale stendi. Yule mwanamume alipoondoka niliingia mtaroni kumwokota mbuzi wangu, nikamnyoosha kwenye goti. Nilipoinua kichwa nikaona mwingine. Mama mmoja na andazi lake. Kondakta na andazi lake. Vijana wa mtaa waliokuwa wameketi kwenye ukuta wa duka, kila mmoja na wake, na sasa walikuwa wameacha kula kabisa.

"Oyaa, yangu iko na mguu juu."

"Yangu imeangalia nyuma. Imeskia kitu."

"Leteni hapa. Leteni zote, wasee."

Wakazipanga, wakazishika pembeni kwa vidole vyenye mafuta, wakazipitisha haraka haraka kwa kidole gumba. Kisha mmoja wao akaruka kutoka ukutani.

"Manze, inatembea!"

Wale, mwanangu, ndio waliokuwa watazamaji wangu wa kwanza, na walishangaa kweli kweli, kama nilivyokuwa nimeota. Lakini mimi sikuona hayo. Niliona kazi ya miezi mingi imelowa mafuta. Nikaangua kilio katikati ya stendi kama niliyefiwa, na kondakta mmoja mwema akaniuliza kama nataka kupelekwa hospitali.

Nilirudi mbio kwa Mama Ciru. Katoni lilikuwa chini ya meza yake, limebaki nusu. Mama yangu alikuwa tayari amesikia kilio akatoka nje, kanga kiunoni. Nilipomwambia kwamba alichokitoa ni filamu yangu ya chuo, alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nilidhani unakosea," akasema. "Kila siku nakuona umeanza upya. Nikasema, masikini mtoto wangu, huyu mbuzi amemshinda kabisa. Nilikuwa nakuombea hata kanisani."

Kwa hiyo ujue akina mama wa kanisa zima walikuwa wameomba kwa miezi kwamba niweze kuchora mbuzi mmoja tu, nipumzike.

Mama Ciru alikuwa amesimama na kijiko chake cha kuopolea, uso umemwiva kwa moto na kwa aibu. Aliniuliza, "Filamu unaonyesha lini?" Nikamwambia kamera ya chuo ni moja, zamu yangu ni wiki ijayo, na nikiikosa narudia mwaka. Mama akashika kichwa. Sote watatu tulikuwa tunamfikiria baba.

"Basi nyamaza," akasema Mama Ciru. "Mimi ndiye nimewauza, mimi ndiye nitawarudisha."

Akapanda juu ya benchi la wateja. Sauti yake ilifika mpaka barabarani. Alisema kila aliye na karatasi ya mbuzi amrudishe, na kila mbuzi atakayerudi, mwenye kumleta atapewa andazi moja bila kulipa.

Hapo sasa ndipo mambo yalipoharibika vizuri.

Siku ya kwanza walirudi wachache, wamekunjamana, wengine na alama ya meno. Siku ya pili wakarudi wengi. Siku ya tatu laini ilizunguka ploti ikatokea upande wa pili. Nilikaa kwenye kigoda kando ya karai nikiwapokea, na nikaanza kugundua kwamba baadhi ya mbuzi hawa sikuwahi kuwazaa.

Watu walikuwa wanachora mbuzi wao nyumbani ili wapewe mandazi.

Guyo alikuwa wa kwanza niliyemkamata. Alifanya kazi machinjioni Kiamaiko, kutwa nzima mikono yake iko kwenye mbuzi, na ungedhani kama kuna mtu atakayemchora sawasawa ni yeye. Alileta kitu kama kiti chenye ndevu. Nikamwambia, "Guyo, huyu si wangu. Huyu ana miguu mitatu."

Guyo akamtazama kwa makini. "Wa nne umeshauzwa," akasema, na akanyoosha mkono apewe andazi.

Fundi wa cherehani wa pale kona alileta mbuzi mwenye kope ndefu na sketi iliyopindwa chini vizuri sana. Wale vijana wa ukutani walileta mbuzi mwenye miwani myeusi, na wakaapa kwamba ndivyo nilivyomchora, labda nimesahau. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniletea mbuzi aliyeandikwa chini yake "MBUZI," ili pasiwe na shaka. Na kulikuwa na mmoja aliyevaa gambuti. Miguu yote minne, gambuti nne, zimechorwa kwa kalamu ya wino, polepole, hata mikunjo ya mpira ikaonekana. Mbuzi mwenyewe alikuwa kama gunia, lakini gambuti zilikuwa gambuti.

Mama Ciru aliwapa wote mandazi. Hakuuliza.

Jioni ya siku ile, jua bado lipo, nilimwaga mbuzi wote mkekani mbele ya kibanda nikaanza kuwachambua. Wangu huku, bandia kule. Nilikuwa nimekasirika, na nikachekacheka kwa kebehi ili mama na Mama Ciru wacheke nami. "Tazameni hiki kiti. Tazameni sketi. Na huyu wa gambuti je, anaenda kuchunga ng'ombe au yeye ndiye anayechungwa?" Wale wa bandia nikawasukuma kwa mguu kuelekea kwenye jiko, wakawe wa kuwashia moto.

Mama yangu hakucheka. Mama Ciru akaweka kijiko chini.

"Toa mguu," akasema.

Nikautoa.

"Umekaa dirishani tangu mwaka uanze ukitutazama. Hukutuambia unafanya nini. Tukadhani wewe ni mpelelezi, mama yako akadhani unaugua. Sasa watu wazima wamekaa chini, wengine hawajashika kalamu tangu watoke shule, wamekuchorea mbuzi. Sawa, walitaka mandazi. Lakini Guyo angeweza kununua mandazi kwangu kwa dakika moja. Ameniambia amechora huyo mbuzi siku nzima, na mkubwa wake amemgombeza kwa kukaa bila kazi. Wewe unawasukuma kwa mguu."

Nilitaka kujibu. Akainua mkono wenye unga.

"Na huyo wa gambuti unayemcheka, ni wa baba yako. Alikuja alfajiri akienda zamu, wewe bado umelala. Alipanga laini kama wengine, nikamwambia Mzee Wafula, wewe pita mbele, akakataa. Akanipa karatasi, akachukua mandazi yake, akasema nisikwambie. Sasa nimekwambia."

Nilimwokota yule mbuzi wa gambuti, nikampangusa majivu. Nilitazama zile gambuti nne, moja moja. Baba yangu aliingia nazo nyumbani kila jioni maisha yangu yote, akazivua mlangoni, akazipanga pamoja visigino ukutani, na mimi mchoraji wa kusomea sikuwahi kuzitazama. Yeye ndiye aliyezitazama. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine.

Sitakudanganya kwamba nilibadilika papo hapo nikawa malaika. Nilikuwa na shida pia. Sehemu ya katikati, pale mbuzi anapotembea juu ya mapaa, ilikuwa imepotea karibu yote, na siku zilizobaki hazikutosha kuichora upya. Kwa hiyo nilichukua wale bandia nikawaingiza katikati. Nilijaribu kuwapanga wafuatane kwa namna fulani, kiti kwanza, halafu sketi, halafu miwani, nikaongeza michoro yangu michache kati yao ili mmoja ageuke kuwa mwingine. Na katika kazi hiyo niligundua jambo: karatasi ikilowa mafuta inapitisha mwanga. Ile michoro iliyofungia mandazi niliweza kuona ya chini yake bila kwenda dirishani. Nilikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Wenzangu walikuwa na meza za kioo, mimi nikawa na mafuta ya Mama Ciru.

Safari hii nilichora nje, mbele ya kibanda. Watu walisimama nyuma yangu wakatoa maoni ambayo sikuwaomba. Guyo alikuja kila siku kuuliza kama mbuzi wake anaendelea vizuri.

Ikafika siku ya mtihani. Filamu zilionyeshwa kwenye ukumbi wa chuo, mchana, mapazia yamefungwa, walimu watatu wameketi mbele pamoja na Mwalimu Odera. Tuliruhusiwa kualika wageni. Wenzangu walialika mama na baba. Mimi nilimwalika mama, mama akamwambia Mama Ciru, na Mama Ciru, kama unavyomjua sasa, akasimama kwenye benchi. Wakajaza viti vya nyuma, wamevaa nguo za Jumapili. Baba alikuja na koti lake la pekee, akaketi karibu na mlango, kama mtu anayejipangia kutoka.

Filamu yangu ikawashwa. Mbuzi akateremka kwenye lori. Kulia, kushoto. Alitembea vizuri, sina ubaya naye, kila kwato mahali pake. Nyuma kule nikasikia mtu anakohoa. Kisha akapanda juu ya paa la kwanza, na akawa kiti chenye ndevu.

"Huyo wangu!" Guyo akapaza sauti, akasimama. "Huyo ni wangu!"

Kiti kikachechemea kwa miguu mitatu, kikaota kope, kikavaa sketi. Fundi wa cherehani akapiga kigelegele. Sketi ikawa miwani myeusi, vijana wakapiga miluzi. Mbuzi akavimba, akasinyaa, akatetemeka, na juu yake yale madoa ya mafuta yakawa yanapita kama mawingu ya manjano, moja linatoka, jingine linaingia. Neno "MBUZI" likatokea ghafla likapotea, ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wanafunzi wenzangu waliokuwa wananionea huruma. Kisha akaja wa gambuti, na akiwa na gambuti zile nne ndipo aliposimama kwa miguu miwili akaanza kucheza. Sikugeuka kumtazama baba. Niliogopa.

Taa zilipowashwa, mtahini mmoja mwanamume, msomi wa kupenda maneno, aliniuliza kwa heshima kubwa, "Yale madoa ya manjano yanayopita juu ya mhusika. Yanawakilisha nini?"

Nilikuwa nimejiandaa, mwanangu. Nilikuwa na jibu zuri sana la uongo, lenye jua na historia na roho ya mwanadamu ndani yake. Nikafungua mdomo.

"Ni mafuta ya kupikia!" Mama Ciru akajibu kutoka nyuma. "Lakini ni safi, mwalimu. Nabadilisha kila siku."

Yule mtahini alicheka hadi akavua miwani. Nami nikafunga mdomo, nikaufungua upya, nikasema ukweli wote, kuanzia katoni hadi laini ya mandazi. Mtahini wa pili, mama mkali asiyecheka, alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo nusu ya filamu hii si kazi yako," akasema.

"Si yangu, mwalimu. Ni yao."

"Na wewe unataka kufuzu kwa kazi yao."

Tukaambiwa tutoke nje. Tulikaa kwenye ngazi, ploti nzima, tukisikia sauti zao zikipanda na kushuka ndani. Guyo alinisogelea akaniuliza kwa upole kama ingesaidia aingie awaambie wamfelishe mbuzi wake peke yake, wamwache wangu apite. Mama alikuwa anaomba kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini lakini kwa kasi.

Mwalimu Odera alipotoka alikuwa ametoa tai. Aliniambia hivi, na nimeyabeba maneno yake miaka yote: "Mwanzo wako ni safi, Nekesa, lakini mbuzi hana pumzi. Anaanza kupumua pale anapoharibika. Wewe ndiye uliyewaunganisha wale wote wakawa mnyama mmoja, na hiyo ndiyo kazi tutakayokupa alama. Chache. Umefuzu kwa shida sana."

Vigelegele vilipigwa pale kwenye ngazi hadi askari wa lango akaja mbio.

"Lakini kuna sharti," akaendelea. "Yule mtahini mkali amesisitiza, na nakubaliana naye. Mwisho wa filamu uandike jina la kila aliyechora. Kwa mkono wako."

Basi nikazunguka ploti kuuliza majina. Fundi alitaka lake liwe na maua. Vijana walitaka majina ya mtaani, na mama akakataa mawili kwa sababu za kidini. Guyo alitaka lake liandikwe mara tatu, moja kwa kila mguu. Baba nilimwacha wa mwisho. Nilimkuta mlangoni anavua gambuti.

"Baba, nikuandike vipi? Wafula? Au Mzee Wafula?"

Alizipanga gambuti kwanza. Akafikiri.

"Andika 'Baba Nekesa'," akasema. "Hapo watajua ni nani."

Akaingia ndani kunywa chai, na habari ya upigaji chapa haikutajwa tena nyumbani kwetu. Filamu yenyewe ililiwa na unyevu kwenye stoo ya chuo miaka mingi iliyopita, usiniulize nikuonyeshe. Nimetengeneza nyingine nyingi baada yake, nyingine zimepewa zawadi. Hakuna iliyonifundisha kama ile.

Sasa jibu lako. Toa kiganja, mwanangu. Kazi usiyoionyesha watu wako ikiwa bichi, hawatajua thamani yake siku itakapoangukia mikononi mwao, na usiwalaumu wakiitumia wanavyojua wao. Waite. Waache wasimame nyuma yako wakuudhi kwa maoni. Mengi yatakuwa ya upuuzi, utayasikia na kuyaacha yapite. Lakini mtu akikuletea alichokichora kwa mkono wake, hata kama alitaka kitu kwako, hata kama kimepinda, usikisukume kwa mguu kabla hujauliza ni cha nani. Na siku wenye elimu watakapokuuliza maana ya doa, sema doa limetoka wapi. Ukweli unatosha, na ukisahau kuusema, omba awepo nyuma mtu wa kukusemea.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mkono mwepesi na moyo usioona haya. Akuzungushie watu wa kukupenda na wa kukusumbua, na akujalie usiweze kuwatofautisha. Haya, washa hiyo kompyuta. Sogeza kiti, nione.